Moskato Niliyoipeleka Endarasha

Nikiwa na miaka ishirini na mitatu nilikuwa weita katika hoteli moja mjini Nyeri, na nilikuwa na ugonjwa wa kutaka kila kitu kiwe sawasawa. Sisemi ugonjwa kwa mzaha. Ningetoka zamu, nikafika hadi posta, nikakumbuka kwamba kitambaa cha meza ya dirishani kilikuwa kimening'inia zaidi upande mmoja, nami ningerudi kukivuta. Mpishi wetu, mtu mzima kutoka Kakamega, alikuwa akinipigia saluti kila nilipopita jikoni.

Uhuru ulikuwa bado mchanga. Wazungu wengi wa mashamba walikuwa wameuza na kuondoka, na hoteli ilikuwa imepata wenyewe wapya. Stoo ilibaki na chupa za divai ambazo hakuna aliyejua zinywewe na chakula gani. Meneja mpya alinikabidhi ufunguo kwa sababu mbili: nilifikia rafu ya juu bila ngazi, na sikuwa mlevi. Mengine nilijifunza mwenyewe kutoka kitabu cha Kiingereza kisicho na jalada ambacho mgeni alikisahau chumbani. Nilikisoma miaka miwili, kamusi ikiwa kando. Sikuwa na wa kumwuliza. Mahali nisipoelewa, nilikariri.

Nakiri kwamba nilianza kujiona mtu wa pekee. Kati ya Nyeri na Nanyuki sikumjua mwenzangu mwingine aliyeweza kunusa glasi na kusema kwamba kizibo kimeharibu divai. Kiburi cha mtu mwenye hofu ni kibaya kuliko cha mtu jasiri, kwa sababu hakilali.

Moskato, divai tamu yenye viputo, niliipata kwa fundi Mwitaliano aliyekuja kufunga mashine kwenye kiwanda cha mbao. Alikaa kwetu miezi mitatu. Siku ya kuondoka aliniachia chupa sita za divai ya kwao, akaniambia kwa Kiswahili chake, "Hii hapana ya ulevi. Hii ya bibi, ya sikukuu. Baridi mingi. Wewe hapana tikisa."

Ya kwanza niliifungua pamoja na mpishi, saa tisa alasiri, vyombo vikiwa vimeshaoshwa. Ilikuwa na rangi ya nyasi kavu. Viputo vyake vilikuwa vidogo sana, kama vile vinavyoshikilia sufuria kabla maji hayajachemka. Nilipoinusa nilipata pichi iliyoiva, na nyuma ya pichi kitu kama mzinga wa nyuki uliofunguliwa asubuhi. Kinywani ilikuwa tamu bila kulemea, ikitekenya ulimi, halafu inaondoka kabla hujaichoka. Nilikaa chini. Sikuwa nimewahi kunywa kitu kilichonifanya nitake kumpa mtu mwingine.

Tukaijaribu na vyakula, nami nikiandika. Keki ya zabibu, vizuri. Plamu za Kieni, mbaya, zote mbili zikageuka siki. Nyama ya mbuzi ya kuchoma iliimaliza kabisa, ikabaki maji ya sukari. Ndizi mbivu, vizuri. Kisha mpishi akatoa kiazi kitamu kilichookwa kwenye majivu, chakula chake mwenyewe cha mchana, akakikata vipande viwili. Tulitafuna, tukanywa, tukatazamana.

"Wacha!" akasema. "Kijana, hii iko na akili."

Sasa niseme ni nani niliyekuwa nikimfikiria. Msichana niliyetaka kumwoa alikuwa mwalimu wa shule ya msingi kwao Endarasha, na baadhi ya Jumamosi alishuka Nyeri kununua vitu. Tulikuwa tunakutana uani, nyuma ya dobi ya hoteli, shuka zikipepea. Chupa ya pili niliifungulia pale, nikampa kwenye kikombe cha chai ili asionekane. Alipiga chafya.

"Inanitekenya pua."

"Lakini ni nzuri?"

"Ni nzuri. Kwa nini unanitazama hivyo? Nikimeza utaniwekea alama?"

Kwetu mwanamume hapewi mke kwa kuomba kwa mdomo. Watu wake hupeleka muratina, pombe ya asali, kwa baba wa msichana. Msichana huitwa mbele ya wazee na kuulizwa kama pombe ile inywewe. Akikubali, huonja yeye kwanza, kisha humpa baba yake. Baba akinywa, mazungumzo yamefunguliwa. Asipokunywa, mnachukua makoti yenu mnaenda nyumbani. Hilo tu ndilo nililolitaka mwaka ule: mzee mmoja wa Endarasha anywe.

Muratina ilipaswa kutengenezwa na baba mkubwa, kaka wa marehemu baba yangu, aliyenilea huko Naro Moru na ambaye angekuwa msemaji wangu. Nilimheshimu sana baba mkubwa. Pombe yake niliionea aibu. Ilinuka moshi, ilikuwa na mabawa ya nyuki ndani, na haikufanana mara mbili. Nikamfikiria baba wa msichana, mzee aliyetia vijiko vinne vya sukari kwenye chai kama alivyoniambia binti yake, mtu asiyependa kitu kichungu. Nikaona nimeletewa jibu kutoka Italia. Nikazificha chupa nne zilizobaki.

Msichana nilipomweleza alihesabu kwa vidole.

"Chupa nne, kwa wazee wangapi?"

"Wanane. Kila mmoja glasi mbili. Nimepiga hesabu. Na mwambie mama aoke viazi vitamu, viletwe wakati ule ule, kabla ya nyama."

"Nimwambie mama awape wageni wa posa viazi vitamu kabla ya nyama? Watu watasema tumekosa mbuzi."

"Nyama inaiua."

"Inaua nani?"

"Divai."

Alicheka hadi akashika kamba ya nguo. Nilicheka pia, lakini moyoni nilikuwa nasema: lakini viazi vitaletwa?

Baba mkubwa alikuwa mgumu zaidi. Alikuja Nyeri siku moja kabla, nikamkalisha jikoni nimfundishe kufungua chupa, kwa kuwa mwoaji hamimini pombe ya posa yake mwenyewe, wala hasemi. Hukaa kwenye benchi karibu na mlango, mikono magotini. Nilimwonyesha mara kumi. Inamisha chupa. Shika kizibo, zungusha chupa polepole. Usiielekeze kwa mtu. Mimina ukutani mwa glasi, theluthi mbili, usijaze.

"Usijaze?" akauliza. "Nimnyime mzee wa watu pombe mbele ya watu wake?"

"Si kumnyima, baba. Ni ili harufu ipate nafasi."

Alimtazama mpishi. Mpishi aligeuka akaanza kukoroga sufuria isiyokuwa na kitu.

Ilikuwa Julai. Mtu anayejua Endarasha ameshacheka. Mwezi huo ukungu huko haupandi hadi saa sita, na wazee hutembea na blanketi juu ya koti. Mimi nilibeba barafu. Nilifunga chupa zangu nne kwenye gunia lililolowa, nikazizungushia barafu ya hoteli, nikazikumbatia nyuma ya pikapu tuliyokodi, na kwenye kikapu kando yangu kulikuwa na glasi nane zilizofungwa moja moja katika magazeti. Baada ya Mweiga barabara iligeuka mashimo matupu. Kila tulipoingia shimo nilizisikia chupa zikigongana na nilisema, pole, pole. Nilikuwa nasema na chupa. Baba mkubwa alinisikia kupitia dirisha la nyuma.

Tulipokewa vizuri. Nyumba ilikuwa ya mbao, paa la mabati, picha ya Mama Maria ukutani, moto umewashwa. Wazee wa upande wao walikuwa watano. Kati yao alikuwako jirani mmoja mzee sana, masikio yametobolewa kwa mtindo wa zamani, ambaye kila mtu alimgeukia kabla ya kusema neno. Baadaye niliambiwa kwamba alikuwa ametengeneza muratina ya kila posa ya kijiji kile tangu kabla ya vita. Laiti ningaliambiwa mapema. Lakini ningefanya nini?

Nilikaa kwenye benchi la mlangoni, mikono magotini.

Baba mkubwa alisimama akasema maneno mazuri, kwamba tumeona jiko la kuota moto katika boma hili na sisi kwetu kuna baridi. Akaitwa kuonyesha alichokuja nacho. Akatoa chupa ya kwanza kwenye gunia, ikitiririka maji ya barafu.

"Imetoka mtoni?" akauliza baba wa msichana.

"Ni pombe ya Italia," akajibu baba mkubwa. "Mtoto wetu anafanya kazi na wageni wakubwa. Ameona asilete ya kila siku."

Wakaitikia, haya, haya. Mimi nilikuwa nikitazama vidole vyake. Aliibana chupa katikati ya magoti, wima. Akazungusha kizibo badala ya chupa. Nilifungua mdomo, nikaufunga. Chupa ile ilikuwa imetikiswa kutoka Nyeri hadi pale, na nilijua kitakachotokea dakika nzima kabla hakijatokea, kama mtu anayemwona mtoto akivuta kitambaa cha meza. Kizibo kiliruka kikapiga bati la paa. Povu likamwagikia koti la baba mkubwa, likashuka kwenye suruali, likafika sakafuni likiwa bado linanguruma.

"Haiya!"

"Imekasirika!"

"Mzee, umelowa kama mtoto!"

Walicheka, hata yeye alicheka, na kwa muda mfupi nilifikiri tumeokoka. Alimimina kilichobaki. Alijaza glasi hadi ukingoni. Povu lilipotulia, yule jirani mzee aliomba ile glasi. Hakuinywa, kwa kuwa haikuwa imeonjwa na msichana. Aliinua hadi sikioni.

Aliinamisha kichwa akasikiliza.

"Inaongea," akasema.

Akampa aliyekaa kando yake. Naye akaiweka sikioni. "Kweli. Inaongea."

"Pombe inayoongea haijamaliza kazi yake," akasema yule mzee bila ukali, kama mtu anayesema saa. "Nyuki bado wamo ndani. Ukiinywa itaendelea kuchemka tumboni. Nani ametoa pombe jikoni kabla haijaiva akaileta kwa watu?"

Baba mkubwa alinigeukia kwa macho. Sikuruhusiwa kujibu. Kichwani nilikuwa na ukurasa mzima: kwamba hii si muratina, kwamba viputo vimeachwa makusudi, kwamba huko inakotoka ndivyo inavyopendwa. Maneno yalikuwa yamepangika, na ulimi ulikuwa umefungwa na desturi ambayo mimi mwenyewe sikuwa nimeipinga hata siku moja, kwa kuwa sikuwa nimewahi kuihitaji.

Msichana akaitwa. Aliingia na kitambaa cheupe kichwani. Baba yake akampa glasi.

"Wageni wameleta hii. Onja utuambie."

Alionja. Hakupiga chafya safari hii. Nilimwona akijizuia.

"Ikoje?" akauliza yule mzee.

"Ina utamu, guka," akajibu, akimwita babu kwa heshima.

"Utamu wa nini?"

"Wa asali."

Wazee wakashusha pumzi kwa pamoja. Muratina iliyoiva haina utamu wa asali. Asali inakuwa imeliwa yote, imebaki pombe. Kila mtu mle ndani alijua hivyo, na mimi nilijua. Nilikua nikiona kibuyu karibu na moto, nikimsikia baba mkubwa akisema bado, bado inaongea. Nilikuwa nimesoma kitabu kizima kuhusu divai bila hata mara moja kumkumbuka mwenye kibuyu kile.

"Basi, mama," baba akamwuliza binti yake. "Tunywe?"

Alinitazama mara moja tu. Kisha akarudisha glasi mezani, polepole, isimwagike.

"Ngojeni iive, baba."

Viazi vitamu vililetwa wakati ule ule, vya moto, jinsi nilivyoomba. Hakuna aliyevigusa.

Tuliambiwa kwa heshima turudi pombe itakapokuwa tayari. Hakuna aliyetukana. Laiti wangetukana. Chupa tatu zilizobaki mama wa msichana alizichukua jikoni, akisema ni vibaya kumrudisha mgeni na mzigo. Viazi navyo vikafuata. Nilipokuwa nimesimama nje kando ya pikapu, baba mkubwa akikamua koti lake, nilisikia vizibo vikitoka jikoni, kimoja, cha pili, na wanawake wakipiga kelele na kucheka. Mmoja akasema, "Ongeza hiyo ya kutekenya!" Mwingine akasema, "Kula na kiazi, wewe, kula na kiazi usikie!" Niliegemea pikapu. Walikuwa wanaifanya sawasawa, kila kitu, bila mimi, na haikunisaidia hata kidogo. Aliyetakiwa kunywa alikuwa nyumba ya pili akiota moto.

Msichana alikuja kuniaga mlango ukiwa umejaa watu, kwa hiyo tulinong'ona.

"Uliijua," nikamwambia. "Ulikunywa kikombe kizima. Ulijua ni nzuri."

"Nilijua."

"Sasa mbona?"

"Wote walikuwa wameshasikiliza. Ningesema anywe, angekunywa kwa sababu yangu, na ile aibu ingekuwa yake. Hutaki kuanza hivyo na baba yangu."

"Lakini ilikuwa imeiva."

"Sawa," akasema. "Ilikuwa imeiva. Nenda nyumbani."

Jumatatu nilifungua kitabu changu. Nataka kusema hili waziwazi, kwa sababu nililificha muda mrefu. Kitabu kinasema kwamba divai ya namna ile huzuiwa kwa baridi katikati ya kuchachuka, wakati sukari bado imo na viputo bado vimo. Katikati. Sehemu hiyo nilikuwa nimeipigia mstari kwa penseli na kuikariri kama sifa. Yule mzee hakuwa amekosea. Kwa sikio lake tupu, bila kuwahi kuona kizibo kabla ya siku ile, alikuwa amesema kilichoandikwa katika kitabu changu. Niliandika barua kwa baba wa msichana kumweleza yote. Niliandika barua nne. Sikutuma hata moja, kwa kuwa kila moja ilikuwa na kosa mahali.

Baba mkubwa ndiye aliyetengeneza ya pili, Naro Moru, mwezi wa Oktoba. Nilipanda kwenda kumsaidia na kipimo cha joto nilichoazima hotelini. Alinitazama nikikitumbukiza kwenye kibuyu.

"Toa hiyo kitu."

"Ni ya kupima tu, baba."

"Mimi ndiye nilikupima ulipokuwa na surua, kwa mkono. Ulikufa?"

Nilikitoa. Kwa wiki nzima nilikatazwa kukaribia moto. Nilisikia kibuyu kikiongea, kikipunguza, kikinyamaza. Kilinyamaza mapema mno, nikafikiri, lakini nani aliniuliza.

Nilipokaa tena kwenye lile benchi la Endarasha, mikono magotini, nilijua kabla haijafika katikati ya chumba. Harufu ilinifikia mlangoni. Ilikuwa siki. Kibuyu kilikuwa kimepata hewa mahali fulani, ikaharibika, si kidogo. Hotelini ningeimwaga kwenye sinki na kuomba radhi mezani. Nilianza kutoa jasho. Nilimtazama baba mkubwa ageuke nimpe ishara, lakini alikuwa akimimina kwa raha, pembe ya ng'ombe ya kunywea imejaa pomoni, uso wake ukiwa mtulivu kabisa.

Yule jirani aliweka pembe sikioni.

"Imenyamaza," akasema. Wote wakaitikia.

Msichana akaonja. Nilikuwa naujua uso wake kuliko nilivyoujua wangu, na niliona taya likikaza, kisha likalegea.

"Mnywe, baba."

Baba yake akanywa. Alikunywa taratibu, akashusha pembe, akafuta mdomo kwa mgongo wa mkono. Ikapita kwa wazee. Yule jirani alipoinywa alifumba jicho moja.

"Imeiva," akasema. "Tena imepita kidogo. Si neno. Iliyopita inanyweka. Ambayo haijafika ndiyo inakaa tumboni ikigombana na mtu."

Walicheka, na mazungumzo yakafunguliwa. Ndivyo nilivyopewa mke, na hakuna kitu hata kimoja katika siku ile ambacho nilikuwa nimekifanya mimi.

Kisha baba yake, ambaye hakuwa amenisemesha tangu Julai, alinigeukia pale mlangoni. Wote wakageuka.

"Wewe ndiye fundi wa kuonja huko Nyeri. Hatujakusikia. Mpeni naye."

Pembe ikanifikia, imejazwa hadi ukingoni. Niliinusa, kwa mazoea, kabla sijaweza kujizuia, na nikaona kwamba wameniona nikinusa. Baba mkubwa alikuwa ameinama mbele kidogo. Mikono yake mikubwa ilikuwa kwenye magoti, kama yangu.

Nikanywa. Ilikata koo, ikapanda puani, macho yakajaa machozi.

"Ikoje?" akauliza baba wa msichana.

"Ni nzuri, baba."

"Kweli?"

"Kweli. Imeiva vizuri."

Akatikisa kichwa kwa kuridhika, akachukua kibuyu mwenyewe, akanijazia tena.